Jinsi Ulimwengu Ulivyopanuka Karurumo

Siku yangu ya kwanza kazini nilivunja bureti kabla ya saa nne asubuhi. Bureti, kwa nyinyi mlioacha sayansi Kidato cha Pili, ni mrija mrefu wa kioo wenye alama za mililita na koki chini, wa kumwaga asidi tone kwa tone. Nilikuwa nimetoka kwetu Karurumo nikiwa na cheti cha Kidato cha Nne, sweta moja na thamosi ya chai aliyonifungia mama kana kwamba naenda kupigana vita. Nilikuwa nimeajiriwa kuwa msaidizi wa maabara katika shule moja karibu na soko la Kianjai. Kwa mtu asiyependa kulala nje ya kitanda chake, Kianjai ilikuwa ng'ambo. Kimeru chao nilikielewa nusu. Kiembu changu wao walikicheka chote.

Bosi wangu wa kwanza alikuwa Mkuu wa Maabara, mzee mwembamba mwenye koti jeupe lililokuwa limeonja kila kemikali ya shule. Aliviangalia vile vipande sakafuni, kisha akaniangalia mimi.

"Kijana, umekuja kufanya kazi ama umetumwa na wale wanaouza vioo?"

"Nimekuja kufanya kazi, mzee."

"Basi anza na ndoo. Ndoo haivunjiki."

Nikaanza na ndoo. Niwaambie vijana ukweli: kazi ya maabara wakati wetu ilikuwa maji. Mwalimu anaingia na chaki anafundisha mambo makubwa, kengele inalia, anaenda kunywa chai. Wewe unabaki na chupa arobaini zilizochafuliwa na watoto wa watu. Unaosha, unasuuza, unazipindua zikauke. Saa nane wanazichafua tena.

Alasiri hiyo nilikuwa nimeinama juu ya karo wakati Mkuu wa Maabara alipokuja nyuma yangu.

"Hayo maji yana umri gani?"

"Ni ya leo, mzee. Nimeyateka mwenyewe kwa tangi."

"Kosa." Alichovya kidole ndani ya ndoo. "Maji ni hidrojeni na oksijeni. Oksijeni ilipikwa ndani ya nyota, baadaye sana. Lakini hidrojeni ni ile ya mwanzo kabisa. Ilikuwako kabla ya nyota ya kwanza kuwaka. Unaoshea chupa na kitu kikongwe kuliko mlima ule. Usimwage ovyo ovyo."

Nilidhani ni njia yake ya kuniambia tangi linakauka. Tangi lilikuwa linakauka kweli. Lakini maneno yale hayakunitoka.

Siku ya soko tulikuwa tunatoroka saa saba kwenda kunywa supu ya kichwa cha mbuzi. Ni pale, juu ya benchi lililopungukiwa mguu mmoja, nilipofundishwa jinsi maada ya kwanza ilivyotokea. Maada ni kile kitu ambacho kila kitu kimetengenezwa nacho. Mkuu wa Maabara alisukuma bakuli lake mbele yangu.

"Angalia. Supu ikiwa inachemka, unaona mafuta?"

"Siyaoni. Yamechanganyika."

"Hapo mwanzo ulimwengu wote ulikuwa hivyo. Moto mpaka hakuna kitu kingeshikana na kingine. Sasa ngoja ipoe."

Tukangoja. Yangu niliinywa nikingoja, kwa sababu mimi nina njaa ya kuzaliwa. Yake ikapoa, na matone ya mafuta yakaanza kuonekana juu, yakikutana mawili mawili. Akaniambia kwamba ulimwengu ulipopanuka ulipoa, na ulipopoa, vile vipande vidogo kabisa vikashikana vikawa protoni na nutroni, zile punje zinazokaa katikati ya atomi. Katika dakika chache za kwanza baadhi ya hizo zikashikana tena, zikawa kiini cha heliamu. Protoni zilizobaki peke yao ndizo hidrojeni. Karibu robo tatu hidrojeni, karibu robo heliamu, na kitu kingine kidogo cha kuonja tu.

"Na elektroni?" nikauliza, nikitaka kuonyesha kwamba Kidato cha Nne sikukilala chote.

"Elektroni zilizunguka ovyo kwa maelfu na maelfu ya miaka kabla joto halijashuka kiasi cha kutulia. Wakati huo mwanga haukuweza kupita, ni kama ukungu wa mwezi wa saba. Zilipotulia, atomi kamili ikapatikana, na ukungu ukainuka." Akachukua bakuli lake. "Sasa umenifanya ninywe mafuta yaliyoganda. Twende, kuna chupa."

Nilikaa Kianjai miaka sita nikiomba uhamisho kila muhula. Nilipoupata, nilipelekwa Mitunguu. Nilikuwa nimeomba nyumbani. Wakanisogeza karibu kidogo, kama mtu anayevuta ng'ombe mkaidi. Mitunguu ni bondeni, jua kali, migomba inayomwagiliwa maji kwa mabomba yanayozunguka na kurusha. Bosi wangu huko alikuwa Mkuu wa Idara ya Sayansi, mama mmoja mnene, mcheshi, ambaye hakuamini kitu ambacho hajakitoa nje ya darasa.

Yeye ndiye aliyenionyesha rangi za mwanga. Hatukuwa na prizimu, kile kipande cha kioo cha pembe tatu kinachotawanya mwanga, kwa sababu mtu fulani aliiangusha. Sitamtaja, ila mke wake na wangu ni mmoja. Basi Mkuu wa Idara akatupeleka shambani alasiri, akatusimamisha tukiwa tumelipa jua mgongo, na juu ya migomba maji yaliyorushwa yakachora upinde wa mvua.

"Zambarau upande huu, nyekundu mwisho kule," alisema. "Kila nyota mwanga wake tunaweza kuutawanya hivi. Na galaksi zilizo mbali, yale makundi makubwa ya nyota, mwanga wake hutufikia umesogea upande wa nyekundu. Kwa nini, Bwana Maabara?"

"Umechoka na safari?" nikajibu. Darasa zima likacheka, na kwa muda wa muhula mmoja waliniita Safari.

"Umevutika," akasema. "Nafasi yenyewe ambayo mwanga unapita imevutika, na mwanga ukavutika nayo. Ulimwengu unapanuka."

Hapo nikauliza swali ambalo lilikuwa limenikaa rohoni. Nilikuwa nimenunua nusu ekari kule Karurumo, kiploti cha kujengea. Je, nayo inapanuka?

Alicheka mpaka akashika mgomba. "Hapana, baba. Vitu vilivyo karibu vinashikwa na mvutano, havipanuki. Jua na dunia haviachani. Jirani yako utabaki naye vilevile."

Niliumia kidogo. Nilikuwa nimeanza kupanga mahali pa kupanda miparachichi zaidi.

Mwishowe nikapelekwa nyumbani, katika shule ya wasichana isiyo mbali na Karurumo. Niliweza kutoka kitandani, kunywa chai, na kufika kazini chai ikiwa bado moto tumboni. Kwa ngazi ya kazi nilikuwa sasa Mkuu wa Maabara, ingawa maabara yenyewe ilikuwa na mimi tu, kwa hiyo nilijisimamia na mara nyingi nilijionya.

Nilikaa hapo miaka mingi ya raha. Halafu, ikiwa imebaki kama miaka minne nistaafu, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule akaingia maabara na fundi seremala na kuanza kupima ukuta.

Mwenyekiti alikuwa mkulima wa kahawa mwenye sauti ya kuita watu kutoka mlima wa pili, na mzee wa kanisa pia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na magunia ya mahindi na maharagwe ya shule yanayonyeshewa, na alikuwa ameona chumba kizuri chenye mabati mapya na wasichana sita tu waliotaka kuendelea na fizikia.

"Sita!" aliniambia. "Bwana Maabara, hata kuku ukiwa nao sita huwajengei nyumba ya vigae. Fizikia tufunge, waende kilimo. Na hiyo hadithi ya mlipuko uliotengeneza ulimwengu, wazazi wananiuliza kama tunawafundisha watoto mabomu."

"Na mimi, Mwenyekiti?"

"Wewe utapelekwa mahali penye maabara. Nasikia kuna nafasi Kianjai."

Jamani. Niliketi juu ya stuli. Nilimwona akilini mke wangu, Wawira, akinifungia thamosi.

Lakini haikuwa mimi tu. Mmoja wa wale sita alikuwa Wanja, mtoto wa shemeji yangu, aliyelelewa na nyanya yake, yaani mama mkwe wangu. Wanja alitaka kutengeneza zile mashine za hospitali zinazoona ndani ya mtu, na bila fizikia mlango huo ulikuwa unafungwa akiwa na miaka kumi na sita. Mwalimu wa fizikia, Madam Kendi, msichana kutoka Nkubu aliyekuwa hajafika miaka thelathini, alikwenda kwa Mwalimu Mkuu akalia kidogo, kisha akaacha kulia akaomba kitu kimoja: siku ya wazazi apewe nusu saa uwanjani. Bodi na wazazi waone fizikia wenyewe, halafu waamue. Mwalimu Mkuu, mama mtulivu aliyependa kila mtu atoke ameridhika, akakubali.

"Fundi," Madam Kendi akaniambia, "nataka ulimwengu. Wa kushikwa na mkono."

Hiyo ndiyo kazi yangu, kutafuta vitu. Nilikwenda gereji nikaomba tyubu kuukuu za lori, nikazikata vipande vyembamba, nikaviunganisha kuwa kamba moja ya mpira. Nikafunga vitambaa vyekundu tisa, kila fundo hatua moja kutoka kwa lingine. Kila fundo ni galaksi. Mzazi mmoja anashika fundo moja, kamba inavutwa kutoka pande zote mbili, kila mtu anatembea na fundo lake. Aliye jirani yako atasogea hatua moja, wa pili kutoka kwako hatua mbili, wa tatu hatua tatu. Aliye mbali zaidi anakimbia haraka zaidi. Hivyo ndivyo ulimwengu ulivyo, na hakuna mahali bomu lilipowekwa.

Nilipima kila kitu isipokuwa desturi.

Kwetu, mwanamume hasimami karibu na mama wa mke wake. Ukimwona anakuja njiani unaingia kwenye majani mpaka apite. Vijana wa siku hizi hupiga picha wamekumbatiana na mama wakwe zao. Sisi tulilelewa vingine. Miaka ishirini na minane nilikuwa nikienda kwa mama mkwe, kiti changu kinawekwa kando ya ghala, yeye anaketi mlangoni kwa jiko, na Wawira anapita katikati kama simu. "Mwambie Baba Nyaga chai ni moto." "Mwambie Mama nimeiona." Nyaga ni kifungua mimba wetu. Chai yenyewe ilikuwa mkononi mwangu.

Siku ya wazazi Madam Kendi akaomba watu tisa. Wa kwanza kusimama alikuwa mama mkwe wangu, amevaa kitambaa cha kanisani, akashika fundo la nne kwa mikono miwili kama anashika ng'ombe. Mimi nikarudi nyuma hatua kumi na tano, nikaendelea kuheshimu. Mwenyekiti alishika fundo la kwanza, Mwalimu Mkuu la tisa. La tano lilishikwa na baba mmoja ambaye simu yake ililia pale pale. Akaachia fundo, akaenda kwenye ua akipiga kelele, "Haloo! Haloo!"

"Bwana Maabara!" Mwenyekiti akaguruma. "Usisimame kama mlingoti! Shika hapo!"

"Mwenyekiti, hapo mimi..."

"Shika! Mvua inakuja!"

Wazazi wote walikuwa wananitazama. Nikaja kwa upande, nikalishika fundo la tano kwa vidole viwili, na papo hapo nikaanza kurudi nyuma. Mama mkwe naye, kwa heshima ileile, akaanza kurudi nyuma upande wake. Nilimsukuma mzee wa fundo la sita. Mama mkwe akamsukuma diwani wa fundo la tatu. Hatujaambiwa tuvute, na tayari kati yangu na yeye kulikuwa na hatua nne za mpira, huku wengine wamebanana kama viazi kwenye gunia.

"Haya, vuta!" Mwenyekiti akaita, akaegemea nyuma na uzito wake wote.

Tyubu kuukuu ikikaribia kukatika hutoa vimistari vyeupe. Niliviona vikianza, katikati kabisa, kati ya fundo la nne na la tano. Nikaita, "Acheni kuvuta!" Mwenyekiti akasikia "vuta" akaongeza. Nikahesabu haraka kuliko nilivyowahi kuhesabu darasani. Nikiachia, mpira utamchapa mama wa mke wangu usoni mbele ya wazazi wote. Nikiendelea kurudi nyuma, utakatika na kutuchapa wote wawili. Ilibaki njia moja tu, na hiyo ilikuwa mbele.

Nikapiga hatua kwenda kwake. Nikapiga ya pili. Nilimsikia Wawira kwenye viti akimwita Mungu, "Ngai wangu." Ya tatu. Mpira ukalegea, vile vimistari vikafutika, na nikajikuta nimesimama mbele ya mama mkwe wangu, karibu kiasi cha kuona kwamba macho yake ni yale yale ya Wawira. Miaka ishirini na minane sikuwa nimejua.

"Kuja tu, Baba Nyaga," akasema, bila kupitia kwa mtu. "Hata mimi huku nyuma mahali pameisha. Diwani ananikanyaga."

Wanawake wakapiga vigelegele mpaka mbuzi wa jirani wakakimbia. Mwenyekiti ndiye peke yake aliyekasirika.

"Mmeharibu! Tulikuwa tunapanuka, nyinyi mnarudiana!"

"Hawajaharibu, Mwenyekiti," Madam Kendi akadakia. Huyo msichana alikuwa mwepesi. "Ndivyo ilivyo hata huko juu. Zilizo karibu hushikana kwa mvutano, husogeleana. Zilizo mbali ndizo zinaachana. Fundi ametuonyesha yote mawili."

Fundi hakuwa amepanga lolote, lakini aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepanga.

Tulibadilisha kipande kilichochoka, yule baba wa simu akarudi kwenye fundo lake, na tukavuta polepole. Safari hii kila kitu kilikwenda kama nilivyopima. Madam Kendi akauliza swali lake.

"Nani alikuwa katikati? Nani aliona wengine wote wakimwacha?"

"Ni mimi," Mwenyekiti akasema bila kungoja. "Wote mlinikimbia."

"Hapana," mama mkwe akasema. "Ni mimi. Wewe ulikwenda kule, wale wakaenda kule."

"Hata mimi mliniacha," Mwalimu Mkuu akasema kwa upole kutoka fundo la tisa.

Wakabishana. Kila mmoja alikuwa na ushahidi. Mwenyekiti akarudi akapima kwa miguu, akapima tena, akasimama akikuna kidevu.

"Sasa mlipuko ulitokea kwa nani?"

"Kwa kila mtu, Mwenyekiti," Madam Kendi akasema. "Haukutokea mahali fulani. Mahali pote palikuwa pamoja, halafu pakaanza kuachana, pakapoa, na maada ikapatikana. Kwa hivyo hakuna katikati."

"Kumbe hata Mwenyekiti hayuko katikati," mama mkwe akasema. Alisema polepole tu, lakini uwanja ulikuwa umetulia, na kila mtu alisikia.

Kicheko kilianza kwa wazazi, kikapita kwa walimu, na mwishowe kikamfikia Mwenyekiti mwenyewe, ambaye kicheko chake kilisikika mlima wa pili. Alifuta macho. Akamtafuta Wanja kati ya wasichana.

"Wewe ndiwe unataka hii fizikia?"

"Ndiyo, Mwenyekiti."

"Na nyanya yako amekubali?"

"Amesimama mbele ya mkwe wake kwa ajili ya hiyo fizikia," Wanja akasema. "Unataka akubali namna gani tena?"

Bodi ilikaa dakika ishirini katika ofisi ya Mwalimu Mkuu. Mwenyekiti alipotoka aliniita kando. "Magunia nitayatafutia mahali," akasema. "Lakini hiyo kamba uiweke vizuri. Mwakani nataka fundo la tano mimi." Wale sita wakawa kumi na mmoja kabla ya muhula kwisha. Seremala alirudi na futi yake, akanitengenezea rafu.

Nimestaafu sasa. Siku ya kukabidhi funguo, Madam Kendi alisoma orodha ya vifaa na kusema bureti zote zipo, jambo lililoonyesha kwamba hatimaye nimejifunza kazi. Wanja yuko chuoni Nairobi na hizo mashine zake, hunitumia picha nisizozielewa. Vijana wananiuliza nilifaidi nini maishani mwangu, mtu aliyefundishwa ulimwengu mzima na hakuvuka Nairobi. Nilifaidi hiki: najua kwamba kila kitu kinaachana na kila kitu, isipokuwa vile vilivyo karibu vya kutosha. Mimi nikachagua kukaa karibu. Safari zinanisumbua tumbo.

Kile kipande cha mpira kilichochoka mama mkwe alikiomba, na kitambaa chake chekundu bado kipo. Anafungia lango lake nacho. Kila Jumamosi nalifungua nikimpelekea maji, kwa sababu miguu yake sasa ni mizito. Kiti changu hakiko tena kando ya ghala. Kiko hatua mbili kutoka kwake, alikiweka mwenyewe, na Wawira analalamika kwamba amepoteza kazi.

Juzi nilitua ndoo nikamwambia yale niliyoambiwa Kianjai: kwamba hidrojeni ya maji haya ni ya zile dakika za kwanza, kabla ya jua, kabla ya nyota yoyote.

Akaichungulia ile ndoo.

"Kwa hivyo haya maji ni makubwa kwangu?"

"Sana, Mama. Kwa mbali."

"Na umeyaweka chini kwa udongo," akasema, "na wewe unataka kukalia kiti?"

Basi nikainua ndoo, nikaiketisha kwenye kiti changu, na sisi wawili tukakaa na mgeni: yeye mlangoni kwa jiko, mimi nimesimama pale hatua mbili, nikicheka mpaka Wawira akaja kuuliza kuna nini.